Rudisheni gari na viti vyake

Jamani, ukiazima gari la mtu, lirudishe lilivyokuwa! Shemeji kaniomba langu Jumamosi akachukue vitunguu Kongowea, nikampa kwa moyo mkunjufu. Kumbe kakifungua kiti cha nyuma, kakiegemeza uani kwake Likoni, mvua ikakinyeshea. Leo nakirudisha mwenyewe, spana mkononi: bolti mbili hazipo, ya tatu imeliwa na kutu, na chumvi ya bahari hii haina huruma. Vishikizo vya mikanda vimezama chini ya zulia, maganda ya vitunguu yamejaa. Bolti hizo ndizo zinazokishika kiti gari likifunga breki ghafla. Na hapo ndipo wanapokaa wanangu! Kesho wana madrasa, sina pa kuwaketisha.