Springi za Pikapu na Bolti Isiyotaka Kuhama

Pikapu imeandikwa tani moja. Mwenyewe anaisoma hiyo moja kama bei ya kuanzia. Leo mchanga tani mbili, kesho viazi hadi tairi linakwaruza bodi, na matuta ya mtaa ambayo hayajapakwa rangi, ukiyaona umesharuka. Springi zikilala kama mkeka, analaumiwa Mjapani.

Haya, shuka Grogan, mtaa wa vipuri Nairobi, ile ambayo kibao kinaiita Kirinyaga Road. Utaambiwa, "Boss, tukuongezee jani moja tu." Jani ni bapa moja la chuma kati ya yale yanayopangwa kuwa springi. Litainua gari, sikatai, lakini siku gari likiwa tupu litakurusha kama punda. Mwingine atajitolea kuchomelea jani lililovunjika. Kataa kwa heshima. Moto wa kuchomelea unaharibu ule ugumu wa chuma cha springi, nalo linakatika tena kando kabisa ya weldi, tena ukiwa na mzigo. Nunua springi jozi, maana ukibadilisha upande mmoja gari litaegemea kama mlevi ukutani. Ongeza bushi, yale mabomba yenye mpira ya kwenye macho ya springi, na yubolti 4 mpya na nati zake, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, mhimili wa magurudumu. Za zamani zimeshavutika. Kabla hujalipa, pima kutoka senta bolti, ile inayoshika majani pamoja, hadi kila jicho, lile tundu la mwisho wa springi. Springi nyingi zina mbele na nyuma, kama suruali.

Sasa unafanyia nyumbani. Nyumbani kwa Nairobi ni ile nafasi kati ya kamba ya nguo na tangi la maji, na keateka wa ploti amesimama mikono kiunoni. Weka mawe magurudumu ya mbele. Legeza nati za gurudumu gari likiwa chini bado. Inua, weka stendi za chuma chini ya chasisi, si matofali. Tofali hupasuka bila kupiga hodi. Jeki ya pili ishike ekseli. Fungua shokomzoba, kisha yubolti, na chunga paipu ya mpira ya breki: ekseli isining'inie hapo.

Mpaka hapo ni mchezo. Halafu bolti ya jicho la mbele.

Hii imekaa miaka ndani ya bomba la bushi, kutu imeshawafungisha ndoa. Nati inatoka, unashangilia mapema. Ukizungusha bolti, inazunguka na bomba la bushi ndani ya mpira, haisogei nje hata nywele. Ukiipiga nyundo, mpira unameza pigo na kukurudishia nyundo. Ukipiga ncha tupu, inavimba kama uyoga na sasa haipiti hata ikitaka. Rudisha nati iwe sawa na ncha ndipo upige. Wakati huo kila mpita njia ni fundi. "Pasha moto!" Tangi la mafuta liko hapo karibu na yeye anataka gesi! Kuna gari nyingine kichwa cha bolti kinatazama tangi, kwa hiyo hata ikikubali kutoka, lazima kwanza tangi lishushwe. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana jioni. Ikigoma bado, ikate kwa msumeno wa chuma kila upande wa jicho, na uwe na bolti mpya mkononi. Grainda ni haraka, ndiyo, lakini cheche zake hazimwogopi mtu, na tangi halijahama.

Kuinua springi mpya omba mkono, ni mzigo. Kichwa cha senta bolti lazima kiingie tunduni mwake kwenye ekseli, la sivyo gari litatembea upande upande kama kaa. Kaza yubolti kidogo kidogo, kwa kupishana. Bolti za macho ziache zimelegea! Rudisha gurudumu, shusha gari, litikise, ndipo uzikaze likiwa limebeba uzito wake. Ukizikaza likiwa hewani, mpira wa bushi unabaki umejisokota siku zote, unachanika, halafu unasema Grogan wamekuuzia feki.

Pikapu yenye vali ya breki iliyofungwa kwa kijiti kwenye ekseli, kirekebishe. Gari likisimama juu zaidi, vali inadhani halina mzigo, inabania breki za nyuma.

Yubolti zikazwe tena baada ya kama kilomita 100, na kabla ya hapo usibebe kitu. Lakini simu imeshaita. Ni mchanga, tani moja tu, na mifuko michache ya simiti juu.