Video Hairudii kwa Hasira

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili. Juzi nilimkuta sebuleni na daftari la Hisabati, simu ya mama yake ameiegemeza kwenye chupa ya chai, anatazama video ya YouTube. Mwalimu wa kwenye video ni Mtanzania; haonekani sura, ni sauti tu na kalamu inayotembea kwenye ubao mweusi. Alikuwa anafungua mabano ya 2x − 3(x − 4) = 5. Pale mwalimu alipoandika +12, binti kwenye daftari lake alikuwa na −12. Akarudisha nyuma, akasikiliza. Akarudisha tena. Mara ya nne nikamwambia, "Si uniulize mimi?" Akanijibu bila kuinua macho, "Mjomba, huyu harudii kwa hasira."

Jibu hilo lilinigusa zaidi kwa sababu mchana wake nilikuwa nimebishana na rafiki yangu, mwalimu wa Fizikia, ambaye hana hamu kabisa na video hizi za bure. Na si kwamba anaogopa teknolojia. Simu yake ni nzuri kuliko yangu. Hoja yake ni kwamba watoto wanatazama, hawasomi. Wanamaliza video wakijiona wameelewa, ukiwapa swali wanabaki wanaangalia dari.

Hoja hiyo ina ushahidi. Derek Muller, yule wa Veritasium, chaneli ya sayansi ya YouTube, aliichunguza katika tasnifu yake ya udaktari aliyoiandika Sydney mwaka 2008. Aliwaonyesha wanafunzi video fupi za Fizikia, zenye maelezo safi na yaliyonyooka. Wanafunzi wakazisifu: zinaeleweka, hazichoshi. Walipopimwa, wastani wa alama ulikuwa umetoka 6.0 hadi 6.3 tu. Kundi jingine lilitazama video zilizoanza na makosa ambayo watu wengi huyaamini, kisha zikayapinga. Hao walilalamika kwamba video zinachanganya, lakini alama zao zilikaribia kuwa mara mbili ya zile za mwanzo.

Nimezitafakari sana namba hizi, na kila nikizirudia naona zinamgusa mwalimu wa darasani kama zinavyoigusa video. Nani aliyesoma shule zetu asiyekumbuka lile swali la mwisho wa kipindi? "Tumeelewa?" Darasa zima, "Ndiyooo!" Watoto themanini, sauti moja, na nusu yao hata hawajui wameulizwa nini. Raha ya kudhani umeelewa haikuletwa na YouTube. Tofauti ni kwamba ile "ndiyooo" ya darasani ikishatoka, mwalimu anafuta ubao na mada inapita. Kwenye simu, mada inabaki pale pale ulipoiacha.

Hapo ndipo naona video hizi hazijaeleweka. Wanaozipinga, na hata wengi wanaozitetea, wanazipima kwa ubora wa maelezo, kana kwamba mashindano ni kati ya mwalimu wa video na mwalimu wa ubaoni. Sidhani kama faida yake kubwa iko kwenye maelezo. Iko kwenye kile kitufe cha kurudisha nyuma.

Salman Khan, mwanzilishi wa Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, aliwahi kusimulia alivyoanza. Mwaka 2004, akiwa Boston, alikuwa anamfundisha binamu yake Nadia aliyekuwa New Orleans. Ndugu wengine wakajiunga, na mwaka 2006 akaanza kuweka masomo YouTube. Halafu ndugu zake wakamwambia kwamba wanampenda zaidi akiwa YouTube kuliko ana kwa ana. Alicheka, lakini aliielewa sababu: kwenye video wangeweza kumsimamisha na kumrudisha bila kuona haya kwamba wanampotezea muda. Kama watoto wa Marekani, wanaofundishwa na ndugu yao mwenyewe, tena mmoja mmoja, walikuwa wanaona haya kusema "rudia", binti wa kidato cha pili aliyekaa benchi la nyuma atanyoosha mkono vipi? Tena anyooshe kwa Kiingereza?

Kwa sisi Watanzania suala la lugha halikwepeki. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anajua mabano, anajua hasi na chanya. Anaingia kidato cha kwanza, vitu vile vile vinavaa majina mengine, na kabla hajayazoea mada imeshasonga. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba kati ya kila watahiniwa watano wa Hisabati, karibu wanne walianguka. Wanne kati ya watano! Sitasema wote waliangushwa na lugha. Kuna upungufu wa walimu, kuna misingi mibovu tangu shule ya msingi. Lakini mwalimu wa video ile ya mpwa wangu alikuwa anafanya kitu ambacho vitabu vyetu vya sekondari havifanyi: anasoma swali kwa Kiingereza, analieleza kwa Kiswahili, anarudi kuandika jibu kwa Kiingereza. Walimu wengi wanafanya hivyo hivyo darasani, wengine kwa kujificha, maana mkaguzi akipita ni kosa. Kwenye video hakuna wa kujificha.

Na video ya Kiswahili si ndoto. Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonekana kwenye televisheni mwaka 2014 ikifundisha hesabu na sayansi kwa lugha ambayo watoto wanachezea mpira. Ukifika sekondari, vya namna hiyo vinapungua, na mzigo wanaubeba walimu binafsi wenye chaneli zao, wengine kamera ni simu iliyofungwa kwenye stuli.

Sasa neno "bure". Hapa nakubaliana na rafiki yangu karibu kwa kila kitu. Video ni bure, bando si bure. Dada yangu akinunua bando la siku ni la kuwajibu wateja wake wa vitenge WhatsApp, na mtoto anakula humo humo. Wajanja wanashusha video mahali penye Wi-Fi, kisha wanarushiana simu kwa simu kwa programu ya Xender bila kutumia hata MB moja. Wasio na mtu wa kuwashushia wanabaki na kitochi na daftari. Shule nyingi nazo zinakataza simu, na sishangai, kwa sababu mtoto yule yule anayetafuta mabano dakika tano baadaye yuko kwenye vichekesho.

Maabara ndiyo kabisa. Huwezi kujifunza kushika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia vimiminika, kwa kutazama mtu akiishika.

Ila kuna hoja moja ya rafiki yangu ambayo sina jibu lake. Anaogopa kwamba siku moja mtu mwenye mamlaka atasema, "Video zipo, walimu wa sayansi wa nini?" Hofu hiyo naiheshimu, maana shule isiyo na mwalimu wa Hisabati inapenda sana kusikia kitu cha bei nafuu. Video ile ilimpa mpwa wangu +12, lakini haikuona kwamba tatizo lake halikuwa mabano. Alikuwa hajawahi kuelewa kwa nini hasi mara hasi inazaa chanya, na kosa hilo anakuja nalo tangu darasa la saba. Mwalimu mzuri angeligundua kwa kutazama daftari lake tu.

Saa mbili na nusu simu ilirudi kwa mwenyewe. Kabla ya kuirudisha, binti aliandika pembeni mwa ukurasa 4:10, yaani dakika atakayoanzia kesho. Nikafunua kurasa za nyuma: 2:35, 7:02, 11:48, pembeni kote. Moja imewekewa mkasi, alama ya kosa, kwa kalamu nyekundu. Nikamuuliza, akacheka. Mwalimu wake alikuwa anasahihisha uwiano siku hiyo.