Gome la msesewa katika chungu cha bia

Wenzangu tunaojipikia bia nyumbani tuna mazoea ya kuulizana nani ametia kitu cha ajabu zaidi: ukwaju, mdalasini, kahawa, hata pilipili. Sina ugomvi na ukwaju wala pilipili, ila naona tunakosea sana tunapochagua kiungo kwa sababu kitawashangaza wageni, bila kujua kinakwenda kufanya kazi gani ndani ya pombe.

Mbege, pombe ya ndizi ya Uchaggani mkoani Kilimanjaro, inanisaidia kueleza. Ndizi zilizoiva hadi kulainika huchemshwa kwa saa nyingi, rojo lake likapozwa, likaachwa lichachuke kwa siku kadhaa, kisha likachujwa kupata nyalu. Kando yake ulezi ulioloweshwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa hupikwa uji uitwao mso, na humo ndimo linamoingia gome la msesewa, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra. Nyalu na mso vikishachanganywa na kulala, kesho yake kata huanza kuzunguka. Ndizi imeleta utamu na ulezi umeleta uzito; pasipo uchungu wa gome, mnywaji angekinai kabla ya kata ya pili.

Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na maua ya hopsi katika bia ya Ulaya, nayo hopsi ilikuwa ngeni wakati wake. Kabla haijaenea, wapikaji wa huko walitumia mchanganyiko wa majani ya porini ulioitwa gruit, na hata sheria ya Bavaria, Ujerumani, ya mwaka 1516, iliyotaka bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu, haikutaja hamira, ambayo ndiyo huichachusha. Anayesema kwamba gome la mti halistahili kuitwa kiungo cha bia, sioni hoja yake imesimama juu ya nini.

Lakini gome lina masharti. Marehemu shangazi yangu, aliyepika mbege Marangu kwa miaka mingi, hakumruhusu mtu mwingine apime msesewa wake. Nilidhani anaficha ufundi, mpaka niliposoma kwamba mimea ya jamii ya Rauvolfia ina kemikali kali, na kwamba Rauvolfia serpentina wa India ndiye aliyetoa riserpini, dawa ya kushusha shinikizo la damu. Kwa hiyo naumia ninapomwona mtu akitupa konzi nzima ya gome chunguni kwa kukisia, ati anajaribu ladha mpya.

Mwezi uliopita nilipika lita 10 kwa kimea cha shayiri na cha ulezi, pamoja na ndizi mbivu, bila hopsi, nikatumbukiza kipande cha gome kisichozidi ncha ya kidole na kukitoa baada ya dakika chache. Mzee mmoja wa Rombo, jirani yangu hapa Dar es Salaam, aliinusa kwanza, akanywa, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Mwanangu, mbege hii umeletewa na nani?”