Sanduku la mama halikupaswa kufunguliwa na mtu mmoja

Mama alituacha mwezi wa tatu. Kufikia mwezi wa tisa wadogo zangu walikuwa wamenijia mara mbili na neno lile lile: "Yaya, ile nyumba ya Katuba tuitoe vitu, tuweke mpangaji, mvua isitukute." Walisema kweli. Bati la chumba cha nyuma limetoboka, mchwa wamepanda kwenye kabati, na anayechelewa hadi Novemba hapa Lubumbashi anaanika magodoro kila wiki. Mimi ndiye mkubwa, ndiyo maana wananiita yaya, na ufunguo uko kwangu. Nikakubali.

Nikaenda peke yangu, Jumamosi asubuhi, na magunia manne matupu ya unga. Moja la kugawa, moja la kuuza, moja la kuchoma, moja la kubaki nalo. Hivyo ndivyo nilivyosikia kwenye simu, kwa wale wanaofundisha namna ya kupunguza vitu nyumbani: shika kitu mkononi, jiulize kama kinakupa furaha, kama hakikupi, kiage na ukitoe. Nilidhani saa kumi itanikuta nimemaliza.

Kitu cha kwanza nilichoshika kilikuwa kofia ya kazi ya baba. Ni ya plastiki ngumu, zamani ilikuwa ya njano. Ndani, ule mkanda unaozunguka kichwa umekauka na kukunjamana kwa jasho la miaka, na ubavuni namba yake ya kazi imeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe, ile 7 yake yenye kistari katikati. Baba alitangulia miaka kumi na moja kabla ya mama. Nikajiuliza: inanipa furaha? Swali lenyewe likanichoma. Nilichoona ni baba akirudi jioni, akiitundika kofia kabla hajamsalimia mtu. Nikairudisha kwenye msumari wake, nikakaa, na magunia yangu yakashinda matupu siku nzima.

Nataka kuliweka hili wazi kwa ndugu zangu wa mji huu ambao wana ufunguo wa nyumba kama ile. Kutoa vitu vya wazazi ni jambo jema na lazima lifanyike. Lakini si kazi ya mtu mmoja, wala si kazi ya kimya. Kitu kitoke nyumbani kikiwa kimeshasemwa.

Kwanza tuelewane kwa nini nyumba zetu hujaa. Mafundisho ya kwenye simu huanza na mtu aliyenunua kupita kiasi. Mama zetu hawakununua kupita kiasi. Lubumbashi ilizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na wazee walikuwa wakisema "kazi njo baba, kazi njo mama", yaani kazi ndiyo baba na ndiyo mama, kwa sababu kazi ilitoa nyumba, ikatoa posho ya unga, ikatoa shule na dawa. Baadaye baba huyo na mama huyo wakaishiwa nguvu. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi ya shaba, waliondoka kwa mkupuo, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nyumba ambayo mshahara umekatika haitupi kitu. Friji iliyokufa inakuwa kabati la unga, bati kuukuu linakuwa ukuta wa banda la kuku. Anayeviita vitu hivyo takataka hajui vimevusha watoto wangapi.

Na vitenge? Kwa mama wa kwetu piesi ya wax ni akiba. Haishonwi, maana ikishashonwa bei yake imekufa. Inakunjwa na lebo yake bado imegandamana na kitambaa, inapangwa sandukuni na vidonge vya naftalini, na siku mtoto anapougua usiku, asubuhi piesi moja inashuka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na jioni imerudi kuwa dawa. Sanduku la mama, lile la bati lililopakwa rangi ya kijani, lilikuwa na piesi tisa. Najua zamani zilikuwa zaidi ya ishirini. Zile zilizopungua ni sisi, ni shule zetu na malaria zetu.

Kuna sababu nyingine ambayo hatupendi kuitaja. Wajane wengi wa hapa wameona kilio kikiisha na watu wa upande wa mume wakibeba redio, viti, hata sufuria za jikoni. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi, na robo inayobaki inawahusu mwenzi aliyebaki, wazazi na ndugu wa marehemu. Lakini sheria iko kwenye karatasi, na lori la kubebea liko mlangoni. Mama alipobaki peke yake, kila kiti kilichokuwa sebuleni kilikuwa kimeponea chupuchupu. Mwambie mwanamke wa namna hiyo "mama, punguza vitu," uone atakavyokutazama. Mimi niliwahi kumwambia. Najuta hadi leo.

Sasa nije kwenye neno ambalo tayari tunalo, nalo linatosha kutuongoza. Tunasema ukumbusho. Limetokana na kukumbusha, na tofauti yake na kukumbuka ni kubwa. Mtu aweza kukumbuka peke yake kitandani, taa imezimwa. Kukumbusha kunataka watu wawili.

Katika miaka ya 1970 sebule nyingi za mji huu zilikuwa na picha zilizochorwa kwa mkono juu ya kitambaa cha gunia la unga, na watu walizijua kwa jina hilo hilo, ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mmoja wa wachoraji wake, yeye aliyechora historia ya nchi nzima, picha moja baada ya nyingine. Kwetu ilitundikwa Mamba Muntu, mwanamke aliye nusu samaki, nywele ndefu, nyoka pembeni. Mgeni akiingia alikaa, akatazama, akauliza, na hapo baba alipata mlango wa kusema. Angeeleza kwamba ukiokota unywele wake, atakujia ndotoni kuuomba, na ukimrudishia atakupa mali, kwa sharti usimwambie mtu. Kisha angeshusha sauti na kumtaja jirani fulani aliyejenga ghafla, na mama angemkata jicho. Watoto tulijua hadithi ile neno kwa neno, na bado tulingoja mgeni aulize.

Mama alipookoka, aliambiwa picha ile ni ya pepo. Akaishusha, akaikunja mara nne, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Kwa zaidi ya miaka ishirini haikumkumbusha mtu chochote. Ilikuwa salama, imefungwa kwa kufuli, na ilikuwa imekufa. Nilipoikunjua, rangi ilibanduka kwenye mikunjo na kuniachia unga wa buluu vidoleni. Kutunza kwa kufuli peke yake ni namna ya kupoteza polepole, na wengi wetu tunafanya hivyo tukidhani ni heshima.

Jumamosi iliyofuata sikuenda peke yangu. Nilimwita mama mdogo, aliyemfuata mama kwa kuzaliwa, na wadogo zangu wote wanne. Tukaweka mkeka uani chini ya mwembe, tukapika bukari, yaani ugali, kwanza, maana kazi ya namna hii haifanywi kwa njaa. Utaratibu ulikuwa mmoja tu: kitu kinatolewa, kinapita mikononi, mwenye neno lake analisema, ndipo tunaamua. Mdogo wetu wa mwisho aliweka simu yake katikati ya mkeka ikirekodi sauti. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na daftari letu siku ile lilikuwa ile sauti ya mama mdogo.

Karatasi tulizitoa kabla ya yote, na nakushauri nawe ufanye hivyo. Livret de logeur, yaani kile kitabu cha hati ya nyumba, karatasi za kiwanja, stakabadhi, vyeti vya kuzaliwa, vitie kwenye bahasha moja na vikae kwa mtu mmoja anayejulikana na wote. Machozi yakishaanza, karatasi hupotea.

Kisha likatoka bunda la noti, limefungwa kwa mpira uliooza. Zaire, pesa yetu ya zamani, noti za 1,000,000 na za 5,000,000, Mobutu akitutazama kwenye kila moja. Mimi nilidhani siku zote mama alizisahau tu. Mama mdogo akatikisa kichwa. Zile, alisema, zilikuwa bati za chumba cha nyuma. Mama alikusanya miaka miwili kwa kuuza mandazi. Mwaka 1993, zaire mpya ilipotoka, moja kwa 3,000,000 za zamani, mama alikuwa kwenye kilio kijijini, treni ya kurudi haikuja kwa wiki nyingi, na alipofika muda wa kubadilisha ulikuwa umepita. Mwaka 1998 ikaja faranga, moja kwa 100,000 za ile zaire mpya, na mlango ukafungwa kabisa. Kaka yetu wa pili, ambaye miaka yote amelalamika kwamba wazazi walizembea lile paa, alilichukua bunda akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemfuata. Aliporudi, tulimpa kila mtoto na kila mjukuu noti moja, na zilizobaki tulizichoma kwenye mbabula, jiko la makaa, ile ile ya chai. Lile paa hajalisema tena.

Hapo ndipo naachana na wale wanaosema piga foto, kisha tupa. Foto ya noti ni foto ya noti. Ningeweza kuipiga ile Jumamosi ya kwanza, nikiwa peke yangu, na bati zisingeonekana humo.

Vitenge tulivigawa kwa neno, si kwa mkubwa na mdogo. Ile piesi ambayo mama aliitoa mara tatu apeleke sokoni na kuirudisha mara tatu ilikwenda kwa dada aliyekuwa mgonjwa siku zile. Zote zilipata mtu, hadi tukafika kwenye moja ya buluu yenye mbayuwayu. Mimi niliipenda tangu utotoni na nilikuwa nimeshaisogeza karibu na goti langu. Mama mdogo akaiwekea mkono juu.

"Ile haiko ya mama yenu."

Ilikuwa rehani. Jirani yetu wa zamani aliiacha kwa mama siku mtoto wake alipolazwa, akakopa, akalipa nusu, akahamia Ruashi kabla ya kumaliza. Miaka kumi na minane mama aliuza vitenge vyake kimoja kimoja, na hicho hakukigusa. Angekiuza, hakuna ambaye angejua. Ningekibeba mimi, hakuna ambaye angejua pia, na ningekivaa nikidhani namvaa mama.

Tulikipeleka Jumapili. Yule mama sasa ni mzee, macho yamepungua. Alikigusa lebo kwa kidole gumba, akaisugua, akasema rangi kabla hatujamwambia. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Deni langu lilibaki ngapi?" Mama mdogo akamjibu kwamba aliyekuwa akimdai amelala nalo. Akakataa. Hatukuruhusiwa kutoka pale bila jogoo na kikapu cha karanga, na sikubishana naye, kwa kuwa niliona anachokilipa si faranga.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya nyumba haikuwa na neno lolote. Bidoni kumi na nne za plastiki, viatu vya upande mmoja, mapazia, magazeti, sahani zilizopasuka, kitanda chenye kunguni. Tulivipitisha mkononi kama vingine, mama mdogo akatazama, akanyamaza, na kimya chake kikatosha. Vyuma walichukua vijana wanaopita mtaani kununua vyuma vikuukuu. Vingine vilitoka kabla ya jua kuzama na hakuna aliyevilia. Hili ndilo lililonishangaza zaidi: uzito niliouogopa ile Jumamosi ya kwanza ulikuwa wa vitu labda kumi na vitano. Vingine vyote vilikuwa vimejificha nyuma yao.

Kofia ya baba ipo kwangu, kwenye msumari karibu na mlango. Mamba Muntu amekwenda kwa kaka wa pili, ambaye hasali kanisa la mama na hamwogopi. Ameiunga kitambaa kwa nyuma, akaitundika sebuleni, na ameniambia wageni wawili wameshauliza.

Chumba cha nyuma bado. Huko kuna makopo, cherehani, na kasha la mbao ambalo sijawahi kuliona likiwa wazi. Tumepanga Jumamosi hii. Mama mdogo ameniagiza nimtumie mtu wa kumpokea kwenye kituo cha basi, kwani magoti yanamsumbua, na kwamba tusifungue chochote kabla hajafika.