Printa Imehama Bila Kuaga

Jamani, nina kisteshenari changu hapa Kirumba, Mwanza, njia ya kwenda Mwaloni. Printa hii hapa, naweza kuizaba kofi bila kunyanyuka kwenye kiti. Lakini leo kompyuta inaniambia "printa haipatikani". Haipatikani! Utadhani imepanda kivuko imeenda zake Kamanga.

Na mteja yupo. Mama wa dagaa, anataka barua ya mkopo ya kikundi chao, nakala moja tu, bodaboda inamngoja nje inanguruma. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena.

"Baba, mbona mashine imelala?"

"Inawaza, mama."

Nikaendelea kubonyeza.

Akatokea kijana wa jirani, wale wasio na kazi ila kila kitu wanajua. "Umeme si ulikatika asubuhi?" Ulikatika, lini haukatiki? Basi, anasema, ruta, kile kiboksi cha waifai, ilipowaka ikagawa anwani upya, yaani namba ya kila kifaa. Printa iliyokuwa namba 5 ikapewa 12. Kompyuta haina habari, bado inapiga hodi kwa namba 5, tena mlango wa 9100, ndio mlango ambao printa nyingi hupokelea kazi. Na namba 5 sasa ni nani? Simu yangu! Yaani barua ya mama inabisha hodi kwenye mfuko wa suruali yangu, ambako hakuna karatasi wala wino.

Mama akasema basi atoe kwa simu yake. Simu inatafuta, inazunguka, printa haioni. Kumbe iko kwenye bando. Simu ikiita "printa mpo?", sauti husikika ndani ya waifai ya nyumba tu, haivuki geti. Ningempa neno la siri, lakini mara ya mwisho nilipompa mteja, duka zima la jirani lilikuwa linaangalia mpira kwa hela yangu.

Kijana akaitoa simu yangu kwenye waifai, akaingia ndani ya ruta, akaifungia printa namba 5 isipewe mwingine. Elfu mbili na soda. Akaizima printa, akaiwasha.

Karatasi ikatoka! Tukashangilia. Ikatoka ya pili. Ya tatu. Kumbe kila nilipobonyeza, barua ilikuwa inapanga foleni. Nikavuta waya ukutani, zimeshatoka tisa.

Mama akalipa hela ya moja, akakusanya zote.

"Hizi nane nitafungia dagaa."

Akapanda boda.