Vitamini D na figo: ghala limepungua au kiwanda kimesimama?

Mjomba wangu amevua Msangamkuu, huku Mtwara, zaidi ya miaka thelathini: kifua wazi, jua la utosi, kitoweo samaki mchana na usiku. Mwaka jana figo zake zilipimwa zikaonekana ziko hatua ya nne ya ugonjwa, kati ya tano, na kwenye karatasi ya majibu kulikuwa na mstari uliomchekesha: vitamini D iko chini. "Mpwa wangu, hawa wamechanganya damu za watu," aliniambia. "Mimi nikose jua?"

Hawakuchanganya. Tangu miguu ianze kuvimba hajaingia chomboni, anashinda barazani. Halafu figo zikivujisha protini kwenye mkojo, ile protini inayobeba vitamini D kwenye damu nayo hutoka, ikiondoka na vitamini yenyewe. Jua alilochomwa nalo ujana wote halikai akiba ya kudumu. Na lile jua la saa moja asubuhi tunaloshauriana kuota halisaidii sana, kwa sababu kivuli kikiwa kirefu kuliko mwili, ngozi hutengeneza vitamini kidogo mno.

Kwenye duka la dawa akaambiwa anunue vidonge vya yuniti 50,000, "figo zitaamka". Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia.

Wanaoitetea vitamini hii hawabahatishi. Tafiti nyingi zilizofuatilia wagonjwa zimeona kwamba wenye vitamini D ya chini figo zao huchakaa haraka zaidi na hufa mapema zaidi. Na uhusiano wa figo na vitamini D ni wa kweli. Kwa sisi wa kusini naweza kuueleza kwa korosho. Ngozi na chakula huleta mzigo, ini huuandaa na kuuweka ghalani, lakini bado ni korosho ghafi. Figo ndicho kiwanda kikuu cha kubangua: ndiyo inayoigeuza kuwa kalsitrioli, ile inayofanya kazi ya kunyonya kalsiamu tumboni. Figo zikifeli, fosfeti hujaa, kalsitrioli hupungua, na tezi ndogo nne za shingoni hutoa homoni ya parathairoidi kwa wingi ili kuinyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Mgonjwa huanza kulalamika mifupa inauma.

Sasa, kipimo cha kawaida cha vitamini D kinahesabu magunia yaliyomo ghalani. Hakikuambii kiwanda kinabangua kiasi gani. Unaweza kujaza ghala mpaka darini na mashine zikabaki zimezimwa, na mkoa uliouza korosho ghafi nje miaka yote hii hauhitaji kufundishwa jambo hilo. Ila watetezi wana jibu zuri hapa: kiwanda kilichobakiwa na mashine mbili kikikosa na mali ghafi, ndiyo kimekufa kabisa. Hoja hiyo siwezi kuipuuza.

Kinachonivuta upande wa pili ni majaribio yenyewe. Marekani, watu 1,312 wenye kisukari cha aina ya pili waligawanywa, wengine wakapewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitano, matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha nguvu ya figo za makundi yote mawili ilishuka karibu sawa. Japani nako, mwaka 2018, wagonjwa 976 wa kusafishwa damu walifuatiliwa. Waliopewa alfakalsidoli, aina ya vitamini D ambayo haihitaji kubanguliwa na figo, hawakupata nafuu ya magonjwa ya moyo kuliko wenzao. Mtu wa haki ataongeza kwamba wale wa Marekani hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu, na wale wa Japani homoni yao ya parathairoidi haikuwa imepanda sana. Sawa. Lakini kama vitamini hii ingekuwa mkombozi wa figo, tungeona angalau dalili.

Ninavyoona mimi, vitamini kushuka mara nyingi ni alama ya ugonjwa kuliko chanzo chake. Anayeugua sana hatoki nje, hali vizuri, na protini zinamtoka. Mwongozo wa kimataifa wa figo wa mwaka 2017 unaelekea hukohuko: upungufu uliopimwa usahihishwe kama kwa mtu mwingine yeyote, ila zile dawa zilizokwisha "kubanguliwa" asipewe ovyo mgonjwa ambaye bado hajaanza kusafishwa damu. Zimewekewa wa hatua ya nne na ya tano ambao homoni ya parathairoidi imepanda sana na inazidi kupanda. Sababu ni kalsiamu. Ikizidi kwenye damu inaziumiza hizohizo figo, na inaweza kuganda kwenye kuta za mishipa. Kwa hiyo yuniti 50,000 za kujinunulia, bila kipimo wala ratiba, mimi nazikataa. Dozi ya daktari kwa ajili ya mifupa naikubali bila shida.

Mjomba aliandikiwa dozi ndogo na tarehe ya kurudi kupima kalsiamu. Jioni nilimpangia dawa zake mkekani. Za presha zilikuwa hazijaguswa wiki mbili, maana "kichwa hakiniumi". Diklofenaki, dawa yake ya maumivu ya kiuno, ambayo figo zake haziiwezi hata kidogo, ilikuwa imebaki vidonge viwili.