Mzee Hakuanguka, Alikutwa Sakafuni

Wiki iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, msimamizi wangu wa zamu katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi alinirudishia fomu ya tukio niliyokuwa nimeijaza kwa Kiingereza changu cha kujivunia, akiwa ameipiga mistari karibu sentensi nzima. Nilikuwa nimeandika kwamba mzee wa chumba namba saba, kwa bahati mbaya, aliteleza na kuanguka alipokuwa akielekea chooni, na kwamba hakujigonga popote. Msimamizi, mama wa makamo mzaliwa wa hapa hapa Hull, Uingereza, hakuwa na hasira. Aliniuliza maswali tu. Ulimwona akiteleza? Hapana. Ulimwona akianguka? Hapana, nilisikia kengele nikaenda. Alikwambia kwamba alikuwa anakwenda chooni? Hapana, ila saa hizo ndipo huwa anakwenda. Na hilo la kutojigonga umelijuaje? Nikanyamaza.

"Basi uliona nini?"

Nilimwona mzee ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kitandani, ndara moja mguuni na nyingine chini ya kiti, na glasi ya maji juu ya meza ikiwa haijamwagika. Akaniambia niandike hivyo hivyo, na ndara niziandike.

Kwa hiyo "fell", alianguka, ikatoka, ikaingia "found", alikutwa. Msomaji anaweza kuona ni mambo madogo, na mimi pia niliona hivyo mpaka nilipoelezwa. Mzee yule anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na mtu wa namna hiyo akigonga kichwa anaweza kuvujia damu ndani polepole bila dalili yoyote ya haraka. Kama fomu inasema alianguka na hakujigonga, muuguzi wa asubuhi ataisoma na kuendelea na shughuli zake. Kama inasema alikutwa sakafuni na hakuna aliyeshuhudia, basi anachukuliwa kuwa huenda amegonga kichwa, na anafuatiliwa saa baada ya saa. Bahati mbaya niliyoiandika mimi, kuteleza nilikokuandika mimi, na choo nilichokiandika mimi vilikuwa hadithi niliyoitunga nikiwa nimesimama mlangoni.

Nakiri kwamba niliudhika. Mimi ndiye niliyesoma risala ya Kiingereza siku ya mahafali ya kidato cha nne, mbele ya mgeni rasmi, nikapigiwa makofi kwa maneno ambayo nusu yake hata wazazi waliosoma hawakuyaelewa, na kwa sababu hiyo hiyo wakayapenda. Kurudishiwa karatasi na mtu ambaye Kiingereza chake chote kingeenea kwenye maneno ya mtoto wa darasa la tano kulinichoma. Ilinichukua siku mbili kukubali kwamba yeye alikuwa akilipima neno kabla ya kulitoa, ilhali mimi nilikuwa nimelivaa.

Hapo ndipo ninapopaona pengo kati ya huku na nyumbani, na naomba nisieleweke vibaya. Sizungumzii nani anajua Kiingereza na nani hajui. Nyumbani Kiingereza ni suti: tunakivaa ili tuonekane tumetoka. Barua ya kuomba kazi huanza kwa kumtaka mkuu husika arejee kichwa cha habari hapo juu, kana kwamba asingekiona, kisha inaendelea kwa unyenyekevu mkubwa, kwa heshima na taadhima, mpaka ukurasa unakwisha na mwenye ofisi bado hajajua mwombaji anaweza kuendesha gari au hawezi.

Nasema hivi kwa sababu lililoniudhi zaidi ya fomu lilitokea siku tatu baadaye. Kaka yangu wa Igoma, kule Mwanza, alinitumia barua ya mwanawe anayeomba kazi kwenye kampuni moja ya mizigo, akaniomba niipitie, "maana wewe uko kwa wenyewe". Niliipitia. Kijana ana leseni, amefanya kazi ya kupakia mizigo bandarini kwa miaka miwili, na anajua kujaza hati za mzigo. Mambo yote hayo yalikuwa yamefichwa kwenye sentensi moja ya mistari saba. Nikaikata ikawa sentensi nne fupi. Kila palipoandikwa "utilise" nikaweka "use", maana yote mawili ni "tumia". Nikaondoa kuomba kwa unyenyekevu mara tatu, nikaacha mara moja. Jioni yake kaka akapiga simu, sauti imebadilika. "Dada, umemharibia mtoto barua. Hii sasa inaonekana ameiandika mtu asiyesoma."

Najua mtakachosema. Mtasema huyu ameondoka juzi tu, hata ugali wa mwisho haujamshuka, leo anatufundisha Kiingereza; na mtasema tena kwamba kazi yenyewe anayoringia ni ya kuogesha wazee. Yote mawili ni kweli, na hakuna linaloniaibisha. Ninaogesha wazee, na kwa kazi hiyo nimejifunza kwamba mzee aliyegeuza uso nilipompelekea dawa "declined", yaani hakupenda kuzitumia, na si "refused", yaani alikataa, kwa sababu neno la pili linamfanya aonekane mkorofi kwenye kumbukumbu zitakazosomwa na watu ambao hawajawahi kumwona. Adabu ya namna hiyo naijua kutoka kwa bibi yangu, ambaye hakupata kusema mgonjwa amekataa chakula. Alisema leo chakula hakijampendeza.

Wala msidhani kwamba wenye lugha yao hawana matatizo nayo. Mwaka 2008 maduka ya Tesco yalibadilisha mabango ya kaunta za haraka kwa sababu watu walikuwa wakilumbana iwapo neno sahihi la "pungufu" mbele ya vitu vinavyohesabika ni "less" au "fewer", na duka likaamua kukwepa ugomvi kwa kuandika "up to", yaani hadi vitu kumi. Na ile lugha nzito ya ofisi tunayoihusudu, wao wenyewe ilishawachosha zamani. Mwaka 1979 mwanamke mmoja wa Liverpool, Chrissie Maher, alikwenda kuchanachana fomu za serikali hadharani karibu na Bunge mjini London, kwa sababu watu wa kawaida walikuwa wakikosa haki zao kwa kushindwa kuzielewa, na huo ukawa mwanzo wa kampeni ya Kiingereza chepesi inayoendelea hadi leo.

Ukitafakari utaona chanzo cha ugonjwa wetu. Kiingereza kina maneno mawili mawili kwa jambo moja tangu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 na kuleta Kifaransa chao ikulu na mahakamani: la jikoni likabaki fupi, la ofisini likawa refu. Mtoto wa Kiingereza huanza na la jikoni kwa mama yake. Sisi hatukukutana na Kiingereza jikoni. Kilitujia bomani, mahakamani na darasani, kikiwa kimeshavaa tai, na mpaka leo tunadhani hiyo tai ni sehemu ya mwili wake.

Kinachonikera kuliko vyote ni kwamba umakini wenyewe tunao. Nenda Kirumba, Mwanza, pale mwaloni kwenye soko la samaki, asubuhi na mapema, umwambie mama muuza dagaa kwamba unataka dagaa. Atakutazama. Wa mchangani au wa chanjani? Kwa sababu waliokaushwa mchangani wana mchanga, na waliokaushwa kwenye chanja hawana, na bei si moja. Sangara akikatwa, minofu ni minofu, mabondo, yaani vibofu vyake vya hewa, ni mabondo, mifupa iliyobaki ni mapanki, na akitiwa chumvi akaanikwa anakuwa kayabo. Mfanyabiashara atakayechanganya hata jina moja kati ya hayo atarudi nyumbani bila mtaji. Hakuna anayefika pale na kusema anaomba kwa unyenyekevu mkubwa kupatiwa kiumbe cha majini. Hata Kiswahili cha polisi na magazeti, ambacho tunakicheka, kina nidhamu ile ile ya msimamizi wangu: mtu "amekutwa" amefariki, mwingine "anadaiwa" kuiba. Tunajua kabisa kutenganisha tulichokiona na tulichokidhani. Tukishika kalamu ya Kiingereza tu, tunasahau.

Nilikumbushwa hilo kwa namna nisiyoipenda. Usiku mmoja wa zamu tulivu mwenzangu aliniuliza kuhusu ziwa la kwetu, nikajikuta ninamsimulia habari za MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi tarehe 21 Mei 1996, na makaburi ya waliopotea siku ile yako Igoma, mtaa nilikokulia. Tulikuwa tukipita kando yake kwenda shule. Nikasema kwa Kiingereza kwamba meli "sank", ilizama. Akauliza, ilizama mara moja tu? Nikaanza kusema ndiyo, nikasita. Haikuzama mara moja. Ilipinduka kwanza, ikaelea kichwa chini kwa saa kadhaa, na watu walikuwa hai ndani yake, wakigonga ili wasikike. Ilipotobolewa hewa ikatoka, na hapo ndipo ilipozama. Katika kupinduka na kuzama mle katikati kulikuwa na watu, na mimi mtoto wa Igoma nilikuwa nimewafuta kwa neno moja la haraka kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na ulimi. Kivuko cha MV Nyerere nacho, tarehe 20 Septemba 2018 pale karibu na kisiwa cha Ukara, kilipinduka. Siku mbili baadaye mhandisi mmoja alitolewa akiwa hai mahali palipobaki hewa. Asingetafutwa kama kila mtu angeamini kwamba kivuko kimezama. Nikamwambia mwenzangu, samahani, nimekosea neno, nikasimulia upya.

Sasa wapo watakaoniambia kwamba hiyo ni lugha ya mkoloni, tuikosee tu, si yetu. Hoja hiyo ninaiheshimu ikitoka kwa mtu anayeandika barua zake zote kwa Kiswahili fasaha. Kwa mtu anayempeleka mwanawe shule ya Kiingereza kwa ada ya kuuza ng'ombe, siielewi. Mwingine atasema kwamba Waingereza wenyewe wanakosea kila siku, jambo ambalo ni kweli, na wanaandika vibaya kuliko mnavyofikiri. Jirani yangu hapa bado hajui kutofautisha "their" na "there" na ana miaka 60. Ila yeye akikosea anaitwa mzembe wa herufi. Mimi nikikosea naitwa nisiyejua kazi. Sitetei uonevu huo, ninaueleza tu kama ulivyo, ili mtoto wa kaka asije akakutana nao akiwa amevaa tai pekee.

Wala mimi mwenyewe sijafika. Kiswahili hakitenganishi mume na mke katika kitenzi, na jambo hilo, ambalo mimi naliona ni ustaarabu, limeniponza. Tunao bibi na babu waliooana wanaoishi chumba kimoja, na miezi michache iliyopita niliandika "he" badala ya "she" kwenye maelezo ya dawa ya usingizi. Kwa bahati kosa liligunduliwa kabla dawa haijatoka kabatini. Tangu hapo ninaandika jina kila mara, hata kama sentensi inasikika kama ya mtoto. Na mimi ni Msukuma, niliyepiga kula badala ya kura mpaka nilipomaliza shule, kwa hiyo sitaki mtu yeyote afikiri ninaandika haya nikiwa nimekaa juu ya jiwe la Bismarck, lile la ziwani Mwanza, nikiwaangalia wengine chini.

Kaka bado amenuna. Kijana, hata hivyo, alinitumia ujumbe mwenyewe leo mchana, bila baba yake kujua, na niliufurahia mpaka nilipofika mwisho wake. Ameshukuru, amesema barua sasa anaielewa hata yeye aliyeiandika, na ameona kwamba kazi ya bandarini imekuja juu mahali panapoonekana. Kisha ameuliza: "Shangazi, ila kwenye usaili, kati ya 'use' na 'utilise', lipi lina alama nyingi?"

Sijamjibu. Zamu yangu inaanza saa mbili usiku, na mzee wa chumba namba saba hapendi kukuta ndara zake zimehamishwa.